Nota, si ngurumo: jinsi ya kupitisha gitaa la besi kwenye vyombo

Ujumbe huingia Jumapili jioni baada ya ibada, au Jumatatu kama harusi ilikuwa Jumamosi: "Mbona besi yetu inanguruma tu, hata haijulikani inapiga nini?" Mara unatoka Kondele, mara Bumala, mara Njoro. Vyombo si vilevile na majengo si yaleyale, lakini nikiuliza maswali matatu manne nakuta kosa moja. Mtu wa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, aliona besi haisikiki, akaongeza nobu ya sauti nzito. Haikusikika. Akaongeza tena. Sasa viti vinatetemeka, mwimbaji amezama, na besi bado haisikiki.

Kabla hujagusa waya wowote, elewa hivi. Mara nyingi besi haikosi uzito. Uzito umezidi hadi nota zinafunikana. Uzi mnene wa E ukiupiga wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Lakini uzi hautoi mtetemo mmoja tu. E hiyohiyo ina 82 ndani yake, ina 123, ina 165 na nyingine juu zaidi, na hizo za juu ndizo zinazoliambia sikio kwamba hii ni E wala si F. Chukua rekodi ya zamani ya benga, ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, uicheze kwenye redio ndogo ya betri. Spika ya redio hiyo ni ndogo kama kiganja, 41 Hz haiwezi kuitoa kabisa. Hata hivyo besi unaifuata nota kwa nota na mguu unacheza wenyewe. Tunataka kufika hapo kwanza, kisha tuongeze kifua.

Nadharia imetosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Gitaa la besi lenye nyuzi nzuri, na chombo cha kutyunia. Programu ya simu inafaa.
- Waya wa gitaa wenye jeki, usiozidi mita 6. Ukiwa na wa akiba, bora.
- Kisanduku cha DI, kidude cha kuunganisha gitaa na mikisa. Hiki ndicho watu wengi hawana, na ndicho kinacholeta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote, ukiacha mikisa yenyewe.
- Waya wa XLR, ule wa maiki, wa kutoka DI hadi kwenye mikisa.
- Betri mpya ya volti 9 ikiwa gitaa lako linatumia betri.
- Mikisa yenye angalau nobu tatu za ikwalaiza, zile za kurekebisha sauti za chini, kati na juu. Kama ina kompresa, ya kusawazisha nota kubwa na ndogo, shukuru.
- Nusu saa kabla ya watu kuingia. Nusu saa hii ipiganie. Mchungaji au mwenye harusi mweleze mapema kwamba unaihitaji.

Hatua

1. Anza na gitaa, mikisa baadaye

Nyuzi zilizokaa mwaka mzima na jasho la Kisumu hazifufuliwi na nobu yoyote. Piga uzi mmoja peke yake, usikilize bila spika, sikio karibu na mbao. Uzi mzima unalia, una chuma ndani yake, unadumu. Uzi uliochoka unasema "dum" na kunyamaza. Kama huwezi kununua seti mpya sasa hivi, zipanguse kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, kila siku bila kukosa.

Tyuni ukiwa mahali utakapopigia. Ukiondoka Nakuru alfajiri na baridi yake ukafika Kisumu saa sita, mbao na nyuzi zimebadilika njiani. Toa gitaa kwenye mfuko, liweke kivulini dakika 20 au 30, ndipo utyuni. Usiliache kwenye buti la gari.

Ikiwa lina betri, kumbuka kuwa kwa magitaa mengi kuchomeka jeki ndiko kunakowasha umeme wa ndani. Ukiliacha limechomekwa usiku kucha baada ya mazoezi ya kwaya, betri inaliwa bure, na Jumapili katikati ya sifa sauti inaanza kukwaruza kisha inafifia. Chomoa waya ukimaliza.

Nobu za gitaa: sauti fungua yote, toni fungua yote, na zile za kuongeza au kupunguza zikae katikati. Kurekebisha kutafanyika kwenye mikisa.

2. Pitisha besi kwenye DI

Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Kwani siwezi kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa?" Utaweza, na sauti itatoka. Tatizo ni kwamba gitaa lisilo na betri lina nguvu kidogo sana, nalo tundu la kawaida la mikisa linainyonya. Kinachopotea kwanza ni ule ung'avu wa nota tuliouzungumza, na unabaki na ngurumo. Isitoshe, waya wa gitaa ukirefushwa mita 20 kutoka jukwaani unakusanya kila mvumo wa stima ulio njiani. DI inatatua yote mawili: inalipa gitaa tundu linalolifaa, kisha inatuma sauti kwa waya wa XLR, ambao hata ukienda mita 30 haudhuriki.

Mpango ni huu: gitaa, waya mfupi, DI, XLR, mikisa. Tundu lingine la DI linapeleka sauti kwenye ampu ya jukwaani kama ipo.

Gitaa lisilo na betri lipe DI inayotumia umeme, ile inayowashwa na fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaotumwa na mikisa kupitia waya wa XLR, au na betri yake. Gitaa lenye betri hata DI ya kawaida isiyo na umeme inalitosha. Kama mikisa yako ina chaneli yenye kitufe kilichoandikwa Hi-Z, hiyo imetengenezewa gitaa. Itumie ikiwa mikisa iko jukwaani karibu na mpigaji.

Tahadhari: nyamazisha chaneli (mute) kabla ya kuwasha fantomu, na kabla ya kuchomeka au kuchomoa jeki. Ule mlipuko wa "pwaa!" unaousikia ndio unaochana spika.

Tahadhari ya pili, kubwa zaidi: usitoe waya kwenye tundu la spika la ampu ukaingiza kwenye DI ya kawaida wala kwenye mikisa. Tundu lile linabeba nguvu ya kusukuma spika. Nimeshika DI iliyochomwa hivyo na mpigaji aliyedhani tundu zote za jeki ni sawa. Ilinuka plastiki wiki nzima kwenye sanduku langu. Ampu nyingi za besi zina tundu lake la XLR la kwenda kwenye mikisa, tumia hilo. Likiwa na kitufe cha "pre" na "post", weka "pre", ili mpigaji akirekebisha ampu yake asivuruge ulichopanga kwa watu.

3. Washa kwa mpangilio

Kwanza gitaa na DI, kisha mikisa, mwisho spika. Kuzima ni kinyume: spika kwanza. Stima ikipotea katikati ya kazi, kimbilia swichi za spika kabla haijarudi.

4. Panga gaini

Gaini ni nobu ya nguvu ya sauti inayoingia kwenye chaneli. Shusha feda ya besi, kile kitelezi cha sauti, hadi chini. Bonyeza PFL ya chaneli hiyo, kitufe cha kuisikiliza na kuona mita yake kabla ya feda. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu atakayotumia bendi ikipamba moto. Watu hupapasa nyuzi wakati wa kupima, halafu wimbo ukichanganya wanazipiga mara mbili ya hapo. Mwambie acheze wimbo anaoupenda.

Zungusha gaini polepole. Kwenye mikisa ya kawaida, mita icheze karibu na 0, ikipanda kidogo kwenye vilele, taa nyekundu isiwake hata mara moja. Kwenye mikisa ya dijitali lenga wastani wa desibeli -18, vilele visipite -6. Ukikuta gaini iko chini kabisa na bado nyekundu inawaka, bonyeza kitufe cha "pad" kwenye DI, kinachopunguza nguvu inayoingia.

Kosa la kawaida: kutumia gaini kama kiongeza sauti ibada ikiendelea. Ukishaipanga iache. Sauti iongezwe kwa feda.

5. Kata uchafu wa chini, si besi yenyewe

Kichujio cha chini, kile kinachokata sauti nzito, kina mkanganyiko. Mikisa nyingi ndogo zina kitufe kimoja kilichoandikwa 80 Hz au 100 Hz. Kwenye besi kiache kimezimwa, la sivyo unapunguza mizizi ya karibu kila nota ya uzi wa E na wa A. Kwenye maiki zote za waimbaji na kwenye magitaa ya solo na ridhim, kiwashe. Maiki sita zilizo wazi jukwaani zote zinaokota besi na kuirudisha kwenye spika ikiwa imechelewa na kuchafuka. Ukishakata chini kwenye chaneli hizo, besi inapata nafasi bila wewe kuigusa.

Kama mikisa yako inakuruhusu kuchagua namba, weka kichujio cha besi kwenye 35 au 40 Hz, na 30 kwa gitaa la nyuzi tano, kwa sababu B yake ya chini ni 31 Hz. Kama huna sabwufa, spika kubwa ya sauti nzito, una spika mbili za inchi 12 tu, weka 50 hata 60. Spika zile hazitatoa vya chini ya hapo kwa maana yoyote, zitajichosha tu na kugonga.

6. Ikwalaiza: punguza kwanza

Nobu zote katikati. Pandisha feda hadi besi isikike vizuri ukumbini. Sikiliza.

Ikiwa una nobu ya katikati inayokuruhusu kuchagua mahali pa kugusa, yaani Hz ngapi:

Shusha feda kidogo kwanza, maana utapandisha kitu kwa makusudi. Ongeza ile nobu kama desibeli 6, kisha tembeza mahali pake polepole kutoka 150 hadi 400 Hz huku mpigaji akipanda na kushuka nota. Utafika mahali ambapo jengo linaitikia: sauti inavimba, inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Kwenye kumbi za simiti mara nyingi ni kati ya 180 na 300. Hapo ndipo penye tope. Punguza hapo desibeli 4 hadi 6. Utasikia kama mtu amefungua dirisha.

Kisha, kama una nobu nyingine, ongeza kati ya 700 na 1,000 Hz desibeli 2 au 3. Humu ndimo besi inamoongea. Kwa benga sisiti kabisa kuongeza hapa, kwa sababu besi ya benga haikai nyuma. Inaruka, inajibizana na solo, inapanda shingo ya gitaa hadi juu, na mchezaji anaiwinda kwa miguu. Ikizama, watu wanasimama tu. Kwa nyimbo za kuabudu zilizo polepole, punguza mkono, weka desibeli 1 au acha.

Kati ya 2,000 na 4,000 Hz kuna mlio wa kidole kwenye chuma. Kidogo kinasaidia nota zianze wazi. Kikizidi unasikia kucha na mikwaruzo.

Ikiwa una nobu tatu tu, chini, kati na juu, mahali pake hapabadiliki. Mara nyingi ile ya chini hushika 80 Hz na ile ya kati 2,500. Fanya hivi: chini punguza desibeli 2 au 3, kati ongeza 2 au 3, juu acha katikati au punguza. Utaogopa kupunguza chini kwa sababu unadhani unaiua besi. Punguza, kisha pandisha feda. Sasa besi yote imepanda, na nota zake pamoja nayo.

Kosa la kawaida: kurekebisha besi ikiwa peke yake kwa dakika 15 hadi inanona ajabu, halafu bendi ikiingia inapotea. Besi inayofaa ndani ya bendi, ukiisikia peke yake, ni kavu kidogo na ina pua. Iache hivyo.

7. Kompresa, kama ipo

Kazi yake ni kusawazisha nota kubwa na ndogo. Anza na uwiano wa 4 kwa 1, mwanzo (attack) wa milisekunde 20 hadi 30 ili kidole kisikike kabla haijabana, kuachia (release) milisekunde 150 hivi. Shusha kizingiti (threshold) hadi mita yake ionyeshe imebana desibeli 3 hadi 6 kwenye nota kali. Mikisa zenye nobu moja tu ya kompresa: ongeza hadi taa yake iwake kwenye nota kali na kuzima kwenye laini. Ikiwaka muda wote umezidisha, na besi inakuwa bapa kama chapati.

8. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda

Hatua hii haiko kwenye mikisa, lakini nusu ya matatizo ya besi makanisani yako hapa. Wapiga kinanda wengi wamezoea kupiga peke yao, kwa hiyo mkono wa kushoto unapiga besi. Wengine wanatumia staili za kinanda, ile midundo inayojipiga yenyewe, na staili ina besi yake ndani. Sasa una besi mbili, na hazipigi kitu kimoja.

Zungumza naye kabla ya ibada, kwa heshima, na si kwenye maiki: "Ndugu yangu, leo besi ipo. Mkono wa kushoto uende katikati, na besi ya staili tuizime." Karibu kila kinanda chenye staili kinaruhusu kuzima sehemu ya besi peke yake. Akikubali, unaweza kukuta hatua ya 6 imekuwa nyepesi ghafla.

9. Patanisha besi na ngoma ya mguu

Vyote viwili vinagombea chini. Chagua nani akae wapi. Ngoma ya mguu ikiwa na kifua kwenye 60 Hz, punguza besi kidogo hapo na umpe besi 80 hadi 100. Wimbo ukitaka besi nzito, geuza. Waombe wapige pamoja, wawili tu, dakika mbili. Kila mguu ukigonga, unatakiwa kusikia gonga na nota kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa sauti yake.

10. Sabwufa ziko wapi?

Tumezoea kuweka moja kushoto na moja kulia, mbalimbali, kwa sababu inapendeza machoni. Lakini mawimbi ya besi ni marefu: la 41 Hz lina zaidi ya mita 8, la 80 Hz zaidi ya mita 4. Yakitoka sehemu mbili tofauti, pengine yanajumlishana na pengine yanafutana. Waliokaa kwenye njia ya katikati wanapigwa na besi kifuani, waliokaa mistari michache pembeni hawana kitu. Jaribu kuziweka zote mbili pamoja, zimegusana, mbele katikati chini ya jukwaa. Katika kumbi nyingi za hapa kwetu hili peke yake linasawazisha besi kuliko ikwalaiza yoyote.

Ukisukuma sabwufa hadi kwenye kona, besi inaongezeka, na mara nyingi inayoongezeka ni ile ya tope. Kwenye uwanja wa wazi, mahali pa matanga au mkutano wa injili, kuwa na ukuta nyuma ya sabwufa ni msaada. Ndani ya ukumbi, ziondoe kwenye kona.

Mgawanyo kati ya sabwufa na spika za juu uanzie 100 Hz, kisha usikilize. Kisha bonyeza kitufe cha polariti cha sabwufa, kinachogeuza mwelekeo wa mtetemo wake, kile cha duara lenye mstari au kilichoandikwa 180. Mpigaji ashike nota moja iliyo karibu na mgawanyo, kama uzi wa G ukiwa wazi, wewe ukiwa katikati ya ukumbi. Chagua upande ambao nota inakuwa nzito zaidi. Ukikuta nota ni nzito zaidi kitufe kikiwa kimebonyezwa, sabwufa na spika zilikuwa zinavutana.

11. Jukwaani

Ampu ya mpigaji haikuwekwa kwa ajili ya watu. Inue juu ya kiti au kreti, itazame masikio yake, si ndama zake. Ikikaa sakafuni atajisikia haba na ataongeza, na besi hiyo itazunguka jukwaa lote na kuingia kwenye kila maiki. Kama hakuna ampu, mpe monita, spika ya jukwaani ya kujisikiliza, yenye besi ya katikati, bila uzito mwingi.

12. Bendi nzima, kisha utembee

Wimbo mmoja mzima. Toka nyuma ya mikisa. Nenda mstari wa mbele, nenda mlangoni, nenda kona wanakokaa wazee. Kazi yako kila mahali ni moja: imba anachopiga mpigaji wa besi. Ukiweza kuimba nota zake, umemaliza. Ukiweza kuimba mdundo tu bila nota, rudi hatua ya 6.

Ukumbi mtupu unadanganya. Watu wakijaa, miili na nguo zinameza mlio wa juu kuliko wa chini, hivyo baada ya nyimbo mbili sikiliza tena; huenda ukahitaji kuongeza kidogo ile 700 hadi 1,000. Na kama ni usiku katikati ya makazi, toka nje ya geti. Besi ndiyo inayopita kwenye ukuta na kumfikia jirani, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za kelele za mwaka 2009 zipo.

Mambo yakiharibika

*Mvumo wa "mmmm" usioisha.* Stima yetu ni ya 50 Hz, na nota ya G kwenye uzi wa E, fret ya tatu shingoni, ni 49. Ndiyo maana bendi ikipiga kwa G mvumo hausikiki hadi wimbo uishe, na wakipiga kwa A flati unasikia sauti inayumba. Kwanza badilisha waya wa gitaa. Kisha bonyeza kitufe cha "ground lift" kwenye DI, kinachokata ethi ya waya wa sauti tu. Mara nyingi mvumo unakatika papo hapo. Kisha ampu ya jukwaani na mikisa vitoe stima sehemu moja, kwenye eksitensheni za tundu moja la ukutani. Usilaze nyaya za sauti sambamba na za stima. Zikikutana, zivuke kama msalaba.

Usikate wala usichomoe pini ya ethi ya plagi ili kuondoa mvumo. Kwenye matanga fulani kaunti ya Siaya, tukitumia jenereta, mtu alifanya hivyo bila kutuambia. Mvumo uliisha kweli. Wimbo wa tatu mpigaji wa besi akasogea kwenye maiki kuitikia kiitikio, mikono ikiwa kwenye nyuzi. Midomo yake ilipogusa chuma cha maiki alitupwa nyuma kama aliyechapwa kofi, na gitaa likaanguka. Alipona. Tangu siku hiyo kila plagi naikagua mwenyewe, na mpigaji akiniambia maiki "inamwasha" midomo, nazima kila kitu kabla ya kuuliza swali la pili.

*Mkwaruzo kwenye nota kali tu.* Betri ya gitaa inaisha, au gaini imezidi. Badilisha betri kwanza, ndiyo rahisi.

*Sauti inakatika ukisogea.* Jeki. Tikisa waya pole kwenye gitaa, kisha kwenye DI. Tundu la gitaa likiwa limelegea, kaza nati yake, lakini tundu la ndani lisizunguke nayo. Litakata nyaya zake.

*Nota moja inalipuka, nyingine haipo.* Hilo ni jengo. Tafuta nota hiyo kwenye gitaa, kadiria Hz zake, punguza hapohapo kwa upana mdogo. Ikikataa, sogeza sabwufa mita moja mbele au pembeni ujaribu tena.

*Kitu kinacheza juu, si spika.* Mabati, taa au fremu ya dirisha. Mpigaji apande nota moja moja. Ikifika nota inayokitikisa, wewe tembea chini yake ukisikiliza hadi ukione. Msumari wa mabati uliolegea hupigiliwa mchana, kwa ngazi, usiusubiri Jumapili.

*Besi ipo kwa nyuma, mbele haipo.* Waliokaa mbele wako karibu sana na jukwaa, wanasikia ngoma tupu, na spika zinawapita juu ya vichwa. Inamisha spika kidogo, au weka spika ndogo ya mbele yenye besi ya katikati.

*Mvua imeanza kupiga mabati.* Usiongeze chini. Mvua inameza sauti za juu na za kati, besi nzito inabaki ikisikika peke yake. Shusha sabwufa kidogo, ongeza besi kwenye 800 Hz desibeli 2, ongeza mwimbaji, na mwambie mpigaji asogeze mkono wa kulia karibu na daraja la gitaa. Mvua ikikatika, rudisha kila kitu kilipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, piga picha ya mikisa kwa simu.